Bodi ndogo zinazoelewa Python: zinavyofanya kazi, na nani atazitengeneza zikigoma

Siku hizi vifaa vinavyojiendesha vimefika hadi vijijini. Kuna kipimo cha maji kwenye tangi la shule, kuna kifaa cha kupima joto kwenye banda la kuku, kuna kingine kinachofungulia maji ya umwagiliaji chenyewe. Ukifungua kasha lake unakuta kibodi cha rangi ya kijani au nyeusi, kidogo kuliko kiberiti, chenye waya chache. Kikifanya kazi kila mtu anakifurahia. Kikigoma, aliyekifunga yuko mjini, simu yake haipatikani, na kifaa kinabaki pambo la ukutani.

Katika makala hii tunaeleza bodi hizi ni kitu gani, na kwa nini lugha moja ya kuandikia programu, iitwayo MicroPython, inaweza kumsaidia mtu wa kijijini kuacha kuwa mtumiaji tu na kuwa mtengenezaji. Tumeandika kwa ajili ya msikilizaji anayesoma kwenye simu na ambaye hajawahi kuandika programu hata moja. Anayetaka kujaribu atapata pa kuanzia. Asiyetaka atapata maswali ya kumuuliza fundi au mradi unaomletea kifaa.

Maikrokontrola ni nini

Maikrokontrola ni kompyuta ndogo iliyowekwa ndani ya chipu moja. Haina kioo wala kibodi cha kuandikia, na haichezi video. Kazi yake ni kurudia jambo moja: kusoma hali fulani, kuamua, kisha kuwasha au kuzima kitu. Unazo nyumbani tayari bila kuzijua. Rimoti ya televisheni ina maikrokontrola, na mizani ya dijiti dukani nayo inayo.

Chipu hiyo ikiwekwa juu ya bodi pamoja na tundu la USB na pini za kuunganishia waya, inakuwa kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza kujifunzia. Chukua mfano wa Raspberry Pi Pico, iliyotolewa Uingereza Januari 2021. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 264. Simu yenye gigabaiti 4 inaizidi zaidi ya mara 15,000. Lakini kusoma joto na kuwasha king'ora hakuhitaji zaidi ya hapo, na mtengenezaji alipoizindua aliipangia bei ya dola 4 za Marekani. Ikifika dukani kwetu, usafiri na faida ya muuzaji vinaongeza bei, lakini bado ni kifaa ambacho mwanafunzi anaweza kukichangia pesa na wenzake.

MicroPython imetoka wapi

Python ni lugha ya kuandikia programu iliyoanzishwa na Mholanzi Guido van Rossum, ambaye aliitoa kwa umma mwaka 1991. Jina halikutokana na chatu, bali na kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Lugha hii ilipendwa kwa sababu inasomeka. Maneno yake maalumu hayafiki 50, na mengine yote unayachagua mwenyewe, hata kwa Kiswahili.

Tatizo ni kwamba Python ya kawaida ni kubwa mno kwa chipu ndogo. Kwa miaka mingi bodi hizi ziliandikiwa programu kwa lugha ya C au C++. Ni lugha zenye nguvu na kasi, lakini ni ngumu kwa anayeanza. Mwaka 2013 Damien George, mwanafizikia raia wa Australia aliyekuwa Cambridge, Uingereza, aliandika upya Python iwe ndogo ya kutosha kuingia kwenye maikrokontrola. Alichangisha fedha kwa njia ya intaneti. Aliomba pauni 15,000, akapata zaidi ya pauni 97,000. Kazi hiyo ndiyo MicroPython. Inahitaji nafasi ya takriban kilobaiti 256 za kuhifadhia na kilobaiti 16 za kufanyia kazi. Ni ya bure, na yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha.

Mwaka 2016 shirika la utangazaji la BBC na washirika wake walianza kugawa bodi ndogo iitwayo micro:bit kwa wanafunzi wa Uingereza wa miaka 11 na 12. Mpango ulikuwa wa hadi bodi milioni 1, na MicroPython ilikuwa mojawapo ya lugha zake. Kwa hiyo lugha hii imeshajaribiwa na watoto wengi, haikuachwa iwe ya wataalamu peke yao.

Bodi zipi zinafaa

Si kila bodi inakubali MicroPython, na hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Zinazopatikana kwa urahisi ni hizi:

Raspberry Pi Pico. Ina pini 26 za kuunganishia vitu, na pini 3 kati ya hizo zinaweza kupima volti inayopanda na kushuka. Haina waifai.

Raspberry Pi Pico W. Ilitoka mwaka 2022. Inafanana na ya kwanza, ila imeongezewa waifai.

ESP32 na ESP8266. Chipu zake zinatengenezwa na kampuni ya Espressif ya Shanghai, China. Zote mbili zina waifai. ESP32 ndiyo yenye kumbukumbu kubwa zaidi, na ndiyo tunayomshauri anayetaka kutumia waifai.

micro:bit. Ina taa ndogo 25, vitufe viwili na kifaa cha kutambua mtikisiko juu ya bodi yenyewe. Inafaa sana shuleni kwa sababu mtoto anaanza bila kuunganisha waya wowote.

Isiyofaa kwa lugha hii ni Arduino Uno ya kawaida. Ni bodi nzuri na imefundisha wengi, lakini kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2 tu, kwa hiyo MicroPython haienei humo. Ukienda kununua, iwe Kariakoo mjini Dar es Salaam au Luthuli Avenue mjini Nairobi, taja jina kamili la bodi na uhakikishe limeandikwa juu yake. Uliza pia kama pini zimeshalehemiwa. Nyingine huuzwa zikiwa na matundu matupu, na usipokuwa na chuma cha kulehemu utalazimika kumtafuta fundi redio.

Kuongea na bodi

Hapa ndipo MicroPython inapotofautiana zaidi na lugha za C. Kwa C unaandika programu yote kwenye kompyuta, kompyuta inaigeuza kuwa namba ambazo binadamu hawezi kuzisoma, kisha namba hizo zinatumwa kwenye bodi. Ukikosea kitu kidogo, unaanza mzunguko upya.

Kwa MicroPython unazungumza na bodi papo hapo. Unaichomeka kwa USB, unaona alama tatu za >>> kwenye kioo cha kompyuta, na hiyo ni bodi inasema iko tayari kusikiliza. Ukiandika 7 * 8 na kubonyeza kitufe cha kuingiza, inajibu 56. Hesabu hiyo imefanywa na bodi yenyewe, si kompyuta. Ukiiambia iwashe taa, taa inawaka kabla hujaondoa mkono. Ukikosea, inakwambia umekosea mstari gani, unasahihisha na kuendelea.

Ili kufika hapo, kazi ya kwanza ni kuweka MicroPython ndani ya bodi. Kwa Pico unashusha faili lake kwenye tovuti ya MicroPython, unashikilia kitufe kilichoandikwa BOOTSEL huku ukichomeka USB, na bodi inaonekana kwenye kompyuta kama flashi ya kawaida. Unaliburuta faili humo, bodi inajiwasha upya, basi. Kwa kuandikia programu, wengi wanaoanza hutumia Thonny, programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia. Haihitaji kompyuta ya kisasa, na laptopu ya zamani ya shule inaweza kutosha.

Programu ya kwanza

Hii ni programu nzima ya kuwasha na kuzima taa iliyo juu ya Pico isiyo na waifai:

from machine import Pin
from time import sleep

taa = Pin(25, Pin.OUT)

while True:
    taa.on()
    sleep(1)
    taa.off()
    sleep(1)

Mistari miwili ya kwanza inaomba zana: moja ya kushughulika na pini, nyingine ya kusubiri. Mstari wa tatu unasema pini namba 25, ambayo kwenye bodi hii imeungwa na taa, itakuwa ya kutoa umeme, na tunaipa jina taa. Jina hilo ni letu. Tungetaka tungeiita kurunzi. Neno while pamoja na True maana yake ni "rudia bila kukoma". Mistari minne iliyosogezwa ndani ndiyo inayorudiwa: washa, subiri sekunde 1, zima, subiri sekunde 1.

Kule kusogeza mistari ndani si mapambo. Python hutambua mistari iliyo pamoja kwa nafasi iliyoachwa mwanzoni mwake, kwa hiyo nafasi nne zikipungua na kuwa tatu kwenye mstari mmoja, bodi itakataa. Ukiihifadhi programu hii ndani ya bodi kwa jina la main.py, bodi itaiendesha kila inapopata umeme, hata ukiichomoa kwenye kompyuta na kuiunga na chaja ya simu.

Mfano wa kazi: joto la banda la vifaranga

Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 hivi za Selsiasi, kisha linapunguzwa kama nyuzi 3 kila wiki. Mfugaji mzoefu hutazama vifaranga wenyewe: wakijikusanya wanaona baridi, wakikaa mbali na jiko huku wakihema wanaona joto. Saa nane za usiku hakuna wa kuwatazama. Hapo kifaa kinaweza kusaidia.

Kihisi cha joto kinachotumika sana kinaitwa DS18B20. Kipo cha ndani ya mrija wa chuma usioingia maji. Usahihi wake ni nusu nyuzi juu au chini katika joto la kawaida. Kina waya tatu: wa umeme, wa ardhi na wa taarifa. Kati ya waya wa umeme na wa taarifa panawekwa rezista ya kilo-omu 4.7. Bila hiyo bodi haitakisikia. Programu yake ni hii:

from machine import Pin
import onewire, ds18x20, time

kipimo = ds18x20.DS18X20(onewire.OneWire(Pin(16)))
kihisi = kipimo.scan()[0]
kengele = Pin(15, Pin.OUT)

while True:
    kipimo.convert_temp()
    time.sleep_ms(750)
    joto = kipimo.read_temp(kihisi)
    print(joto)
    if joto < 32 or joto > 36:
        kengele.on()
    else:
        kengele.off()
    time.sleep(10)

Hata kama hujui Kiingereza, tazama mstari wenye 32 na 36. Hapo ndipo uamuzi ulipo: joto likiwa chini ya 32 au juu ya 36, kengele iwake, vinginevyo izimwe. Vifaranga wakifika wiki ya pili, mfugaji anabadilisha namba mbili tu. Hahitaji kumpigia mtu simu.

King'ora kisiunganishwe moja kwa moja kwenye pini, kwa sababu pini hutoa umeme kidogo sana. Kipitishwe kwenye transista, kazi ambayo fundi redio yeyote anaifahamu.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Waya wa kihisi ukikatwa na panya, programu hii inaweza kusimama kwa hitilafu, na kengele haitalia kabisa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kabla ya kukiamini kifaa, chomoa kihisi kwa makusudi uone kinatokea nini. Weka pia taa inayowaka na kuzima kila programu inapozunguka, ili taa ikiganda ujue kifaa kimekufa. Na jiko la vifaranga libaki mikononi mwa mtu. Kifaa kitoe taarifa tu.

Maji ya tangi na unyevu wa udongo

Kiasi cha maji kwenye tangi kinaweza kupimwa kwa sauti. Kihisi cha HC-SR04 hutuma mlio ambao sikio la binadamu halisikii, kisha hupima muda mpaka mwangwi urudi. Muda huo kwa mikrosekunde ukiugawa kwa 58 unapata umbali kwa sentimita. Kama kutoka kwenye mfuniko hadi sakafu ya tangi ni sentimita 150, na kihisi kinasoma 60, basi kina cha maji ni sentimita 90. Angalizo: kihisi hiki hutumia volti 5 na hurudisha volti 5, wakati pini za Pico na ESP32 zimetengenezwa kwa volti 3.3. Weka rezista mbili za kugawa volti, la sivyo utaiunguza bodi.

Kwa udongo kuna vihisi vya aina mbili. Cha bei rahisi kina miguu miwili ya chuma iliyo wazi. Umeme ukipita kwenye udongo wenye maji, chuma hicho huliwa, na baada ya muda vipimo vinapotoka. Cha aina ya pili chuma chake kimefunikwa ndani ya ubao na hudumu zaidi. Vyote havitoi asilimia ya unyevu. MicroPython inakupa namba kati ya 0 na 65535, na maana yake unaitafuta mwenyewe. Chukua udongo wa shamba lako ukiwa mkavu kabisa, pima na uandike namba. Umwagilie mpaka ushibe, pima tena. Namba hizo mbili ndizo mizani yako. Udongo wa mfinyanzi na wa kichanga hautoi namba sawa, kwa hiyo usikopi namba za shamba la jirani.

Simu yako inaingia wapi

Bodi yenye waifai inaweza kutengeneza mtandao wake yenyewe. Unaunganisha simu kwenye mtandao huo kama unavyounganisha waifai yoyote, unafungua ukurasa, na unaona kiasi cha maji au joto la banda. Hakuna bando linalotumika, wala mnara wa simu hauhitajiki, kwa sababu mazungumzo ni kati ya simu na bodi tu. Masafa yake si marefu. Uwanjani ni makumi ya mita, na kuta za tofali na bati huyapunguza.

Ukitaka taarifa ikufikie ukiwa mbali, kuna vibodi vya kuongezea vinavyopokea laini ya simu na kutuma ujumbe mfupi wa maandishi. Vinavyouzwa kwa bei nafuu vingi hutumia mtandao wa 2G, na vinapotuma huvuta umeme mwingi kwa ghafla, hadi ampia 2. Betri dhaifu ikishindwa, bodi nzima hujizima na kuwaka upya, na mtu hudhani programu ndiyo mbovu.

Je, simu inaweza kutumika kuandikia programu? Kwa kiasi. Bodi ikishawekewa MicroPython, simu ya Android yenye waya wa OTG na programu ya kuzungumza na USB inaweza kuiona ile alama ya >>>. Lakini zima kwanza usahihishaji wa maneno kwenye simu. Simu hupenda kugeuza herufi ya kwanza kuwa kubwa na kupindisha alama za kunukuu, na Python haikubali lolote kati ya hayo. Kwa anayeanza, kompyuta ya shule, ya maktaba au ya duka la stesheneri itamwokolea muda.

Umeme: mambo ya kuchunga

Usiunganishe bodi hizi na umeme wa ukutani wa volti 230 kama huna fundi umeme aliyesomea. Rilei ndogo zinazouzwa pamoja na bodi zinaweza kuwasha pampu, lakini waya ulio wazi upande wa volti 230 unaua. Jifunzie kwenye vitu vya volti 12 kushuka chini.

Wanaotumia sola wajue kwamba waifai ndiyo mlaji mkubwa. Kipimo cha tangi hakihitaji kuwa macho muda wote. MicroPython ina amri ya kuilaza bodi usingizi mzito, iamke kila baada ya dakika 15, ipime na kulala tena. Betri itadumu muda mrefu zaidi. Ukitumia powerbank, jua kwamba nyingi hujizima zikiona umeme unaotumika ni mdogo sana, zikidhani simu imejaa. Kifaa kinachozimika chenyewe kila baada ya muda mfupi mara nyingi kina ugonjwa huo.

Jingine ni saa. Pico haina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika inasahau leo ni tarehe ngapi. Kama unaweka kumbukumbu za vipimo, ongeza kibodi cha saa chenye betri yake, ama tumia bodi ya waifai ichukue saa kutoka kwenye intaneti.

Maana ya ujumbe wa hitilafu

Bodi ikikataa hutoa ujumbe wa Kiingereza. Soma mstari wa mwisho kwanza, kisha tafuta namba ya mstari wenye kosa. Hii ndiyo mitano utakayokutana nayo zaidi:

SyntaxError: umekosea uandishi. Mara nyingi ni mabano yasiyofungwa au nukta mbili iliyosahaulika mwishoni mwa if au while.

IndentationError: nafasi mwanzoni mwa mistari hazilingani.

NameError: umetumia jina ambalo bodi hailijui. Pengine uliandika kengele juu, na chini ukaandika Kengele. Kwa Python hayo ni majina mawili tofauti.

IndexError: umeomba kitu kwenye orodha tupu. Kwenye programu yetu ya vifaranga maana yake ni kwamba bodi haijakiona kihisi. Angalia waya na rezista.

OSError: bodi imeshindwa kuwasiliana na kitu. Anzia kwenye waya kabla ya kulaumu programu.

Kuisimamisha programu inayozunguka, bonyeza Ctrl na C kwa pamoja.

Kifaa kikiletwa kijijini, uliza haya

Tumesema mwanzoni kwamba kifaa kikigoma aliyekifunga hayupo. Hapa lugha iliyotumika inaleta tofauti kubwa. Kifaa kilichoandikwa kwa C hubeba zile namba zisizosomeka peke yake. Maandishi yenyewe yamebaki kwenye laptopu ya aliyeyaandika. Akiondoka nayo, au laptopu ikiibiwa, hakuna wa kubadilisha hata namba moja.

Kifaa kilichoandikwa kwa MicroPython kwa njia ya kawaida hubeba maandishi yenyewe. Faili la main.py limo ndani ya bodi. Kijana wa kidato cha tatu aliyejifunza kidogo anaweza kuchomeka waya wa USB, kulifungua, kulisoma, kuona pale palipoandikwa 32 na kupabadilisha. Bodi ikiungua, analinakili faili kwenye bodi mpya na kazi inaendelea. Lugha hii ni ya polepole kuliko C, wakati mwingine kwa makumi ya mara, lakini tangi la maji haliwezi kuona tofauti hiyo. Bado fundi akitaka anaweza kuyafunga maandishi yasisomeke, kwa hiyo kuuliza ni lazima.

Kamati ya maji, kikundi cha wafugaji au mwalimu mkuu wanaopokea kifaa cha namna hii waulize mambo matano kabla ya kusaini makabidhiano. Kimeandikwa kwa lugha gani? Maandishi ya programu yamo ndani na yanasomeka? Nakala nyingine imewekwa wapi, kwenye flashi na kwenye karatasi? Mchoro wa waya uko wapi, unaoonyesha pini ipi imeungwa na nini? Na nani hapa kijijini amefundishwa kukifungua na kukirekebisha, mbele ya macho yetu, akaweza?

Jibu la swali la tano lisiwe maneno. Mwambieni mgeni akae pembeni, kisha kijana wenu achomeke waya, abadilishe namba moja na kuirudisha. Akiweza, pokeeni. Asipoweza, mafunzo hayajaisha, na makabidhiano yasubiri.